Kompyuta imeona ugonjwa kwenye kizazi changu, sasa mume wangu hataki kupima

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mwanza na mume wangu. Tuko mwaka wa sita wa ndoa na hatuna mtoto. Mwaka wa pili nilishika mimba ikatoka ikiwa changa. Ikaja nyingine nayo ikaharibika, nikasafishwa hospitalini. Tangu hapo kimya. Nimepigwa ultrasaundi, nimepimwa mirija kwa ile dawa inayopitishwa huku unapigwa eksirei, wakasema iko wazi. Dawa nilizomeza sizikumbuki hata majina.

Mwaka huu mwalimu mwenzangu alinielekeza kliniki moja ya uzazi Dar es Salaam. Waliingiza kamera ndogo kwenye kizazi, wakachukua kinyama cha ukuta wa ndani, wakaniambia kitasomwa kwa akili mnemba ambayo haichoki wala haikosei kama macho ya mtu. Majibu yalikuja kwenye simu, yote kwa Kiingereza. Ukurasa wa mwisho una picha: rangi ya samawati imetapakaa, ndani yake vidoa vya kahawia vimezungushiwa duara la kijani kimoja kimoja, chini kuna idadi yake na neno moja kwamba ni chanya. Endometritisi sugu. Daktari alinieleza kwamba ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umevimba kwa muda mrefu bila mimi kujua, na huenda ndicho kinachozuia mimba kukaa. Akasema ninywe antibayotiki wiki mbili, nirudi nichukuliwe kinyama kingine, halafu tupandikize mimba, yaani yai lirutubishwe maabara kisha liwekwe kwenye kizazi.

Mama, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mume wangu aliipeleka ile picha kwa mama yake, mama yake akaiweka kwenye kundi la familia la WhatsApp. Wifi yangu akaandika, “Pole wifi, angalau sasa tumejua.” Mama mkwe anasema ugonjwa nimekuja nao kutoka kwetu Kwimba, kwamba kuoga malamboni utotoni ndiko kumeniharibu kizazi, na ametuma kwa basi unga wa kusafisha. Mume wangu alikuwa ameshakubali kupima mbegu. Sasa anasema, “Mashine haina upendeleo, imeona ugonjwa kwako, mimi nikapime nini?” Ana binti aliyempata kabla hajanioa, yuko sekondari, kwa hiyo kwake hilo limeisha.

Kliniki nikawaomba kioo, kile kigae chembamba kinachobandikwa kinyama ili kisomwe kwa darubini, wakanipa kimoja. Nilikipeleka kwa mtaalamu wa patholojia hapa Mwanza, akakitazama kwa darubini akaandika kwamba haoni dalili ya ugonjwa. Mume hataki hata kuisoma karatasi hiyo. Usiku mmoja nikayaandika majibu yote kwenye ile programu ya kuongea na akili mnemba kwenye simu. Ilinijibu kwa upole kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, ikanitajia dawa na dozi. Duka la dawa la jirani wanauza bila cheti. Sijanunua bado.

Mume wangu anataka tuuze kiwanja changu cha Buswelu, nilichonunua kwa mkopo wa mshahara wangu, tulipie kupandikiza. Nimwamini nani, kompyuta au mtaalamu? Ninywe dawa? Niuze kiwanja?

Mwalimu, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mimba mbili zilizotoka. Umezitaja kwa haraka, sentensi mbili tu, na nikajiuliza kama nyumbani kuna mtu amewahi kukaa nawe mkazilia.

Nianze kwa kuirudia barua yako kama nilivyoielewa, uone kama nimekusikia. Una karatasi mbili za majibu zinazopingana. Una dawa ambayo hujui kama uimeze. Una kiwanja kinachosubiri dalali. Na una mume ambaye, tangu kompyuta iseme, amejitoa kwenye safari mliyoianza wawili. Umeniuliza juu ya kompyuta na mtaalamu, lakini mistari mirefu ya barua yako inamhusu yeye na kundi la familia. Nitajaribu kugusa yote. Nilikuwa muuguzi kabla ya kuwa mnasihi, ila mimi si daktari wako, na sijaona faili lako.

Tuanze na ile picha. Vidoa vya kahawia ni seli za plazma, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili. Zikionekana kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, wataalamu hushuku uvimbe wa muda mrefu, mara nyingi kutokana na bakteria, na mara nyingi mwanamke mwenyewe hasikii chochote. Kwa rangi ya kawaida ya maabara seli hizi huponyoka macho kirahisi kwa sababu zinafanana na nyingine zilizo jirani. Ndiyo maana hutumika rangi maalumu inayoshika alama iitwayo CD138, ikazitia kahawia. Tabu ni kwamba alama hiyo ipo pia kwenye seli zinazounda kuta za tezi za mfuko wa uzazi, nazo hupata kahawia. Kwa hiyo programu inafunzwa kwa picha nyingi ambazo watu wameziwekea alama, hadi ijue kuacha tezi na kuhesabu zile zilizo nje yake. Kazi ya kuhesabu inayachosha macho ya binadamu, na hapo kompyuta inasaidia kweli. Huko Japani wapo waliofunza kompyuta kutambua tatizo hilihili hata kwenye picha za kamera ya ndani ya kizazi.

Sasa swali langu la kwanza kwako. Kioo ulichopeleka kwa mtaalamu wa Mwanza kilikuwa na rangi gani? Kama kilikuwa cha waridi na zambarau, hicho ni cha rangi ya kawaida. Kilichosomwa na kompyuta ni cha samawati na kahawia. Kliniki ilikupa kimoja tu, na inawezekana kabisa kwamba wawili hawa hawakutazama kitu kimoja. Kabla hujaamua nani mkweli na nani kakosea, ningependa tujue kama kweli wamepingana.

Hata wakitazama kioo kimoja, wanaweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa mzembe. Dunia haijakubaliana ni seli ngapi zihesabiwe ndipo mwanamke aitwe mgonjwa. Wengine wanatosheka na chache mno, wengine wanataka nyingi. Seli hizi zimeonekana hata kwa wanawake wasio na shida ya uzazi. Siku ya mzunguko ambayo kinyama kilichukuliwa nayo ina uzito wake. Ndiyo maana tafiti za wanawake wanaotafuta mtoto zimetoa viwango kuanzia chini ya asilimia 3 hadi zaidi ya asilimia 50 kwa tatizo hilohilo. Ile programu haikujipangia kikomo, kuna watu walikaa wakakiamua. Mumeo akisema mashine haina upendeleo, kwa upande mmoja yuko sawa, haikujui wala haikuchukii. Ila iliulizwa swali dogo sana: vidoa hivi ni vingapi? Haikuulizwa kwa nini mimba zilitoka, wala haijawahi kuona hata tone la mbegu zake.

Daktari wako, kwa maneno yako mwenyewe, alisema “huenda”. Naona kwenye kundi la familia “huenda” haikufika.

Na hakusema hivyo kwa kuogopa. Uhusiano wa uvimbe huu na mimba kutokaa unachunguzwa na unatiliwa maanani, lakini bado wataalamu wanabishana. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilipotoa mapendekezo yake mwaka 2023 kuhusu wanawake ambao upandikizaji unashindikana kila mara, kipimo hiki na matibabu yake kiliviweka kwenye vinavyoweza kufikiriwa, hakikuvifanya vya lazima. Kwa hiyo anayekutibu hakudanganyi, na anayesita naye hakuonei.

Lipo jambo jingine, nalo limetoka kwa mama mkwe wako, tena bila yeye kukusudia kukusaidia. Kuoga lamboni si aibu, kila mtoto wa Kwimba ameoga. Lakini ukanda huo una kichocho cha mkojo, na watu wengi hawajui kwamba mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi, na hata juu kwenye mfuko wa uzazi na mirija, yakaleta makovu na uvimbe kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana hadi milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara wanaishi na hali hiyo. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo haipo kabisa kwenye cheti ulichoandikiwa. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mirija na mfuko wa uzazi kimyakimya, bila kikohozi, na matibabu yake ni ya miezi. Vyote viwili vinaweza kuamsha seli za kinga. Programu iliyofunzwa kuhesabu seli za plazma itazihesabu, na haitakwambia kwamba pembeni kuna yai la kichocho kama haikuwahi kufunzwa kulitambua. Shirika hilohilo, lilipotoa mwongozo wake wa akili mnemba katika afya mwaka 2021, lilionya juu ya programu zilizofunzwa kwa taarifa za nchi tajiri kisha kupelekwa kwa wagonjwa wa mazingira mengine. Hapo mtaalamu anayejua wagonjwa wa Kanda ya Ziwa ana kitu ambacho ile duara ya kijani haina. Sisemi unacho kichocho wala TB. Nasema ni halali yako kuuliza kama vimetafutwa.

Kuhusu dawa. Inayoandikwa mara nyingi kwanza ni doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14. Kama ndiyo uliyoandikiwa, si dawa ya kutisha: inasumbua tumbo, ngozi inakuwa nyepesi kuungua na jua, na haifai ukiwa mjamzito, kwa hiyo unapima mimba kwanza. Wapo wanawake ambao baada ya dozi kinyama cha pili kinakuja kisafi. Ukiinywa kwa usimamizi wa daktari unapoteza kidogo, na huenda ukapata kitu. Ukisubiri usomaji wa pili, unapata uhakika zaidi lakini unatumia muda, na kwa miaka 34 muda una thamani, ingawa wiki chache hazikuharibii kitu. Ninachokuomba usifanye ni kwenda kwa duka la jirani na dozi ya simu. Ile programu ya kuongea ni kitu tofauti kabisa na ile iliyohesabu seli. Yenyewe haikuona kioo chako, imepanga maneno kutokana na ulichoiandikia. Wala haikujua umekulia wapi. Na baadhi ya antibayotiki zinazotumika kama mbadala, hasa jamii ya siprofloksasini, zinaweza kuituliza TB kidogo ikachelewa kugundulika. Upole wake naelewa ulivyokugusa. Ulikuwa na kiu ya upole.

Unga wa basi uweke kabatini, usinywe na hasa usiuingize ukeni. Hilo nalisema bila kuzunguka. Nimeona vidonda vyake.

Sasa kiwanja, na mumeo. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yamefungamana kuliko anavyodhani. Hakuna kliniki makini inayopandikiza mimba bila kupima mbegu za mume kwanza. Idadi yake, mwendo wake na umbo lake ndivyo vinavyoamua hata njia ya kurutubisha yai. Kwa hiyo anapotaka kiwanja kiuzwe mpandikize, tayari ameomba kupimwa bila kujua. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo kulinganisha na upandikizaji: anakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, anatoa mbegu kwenye kikopo, basi. Binti wa sekondari ni furaha, lakini ni majibu ya miaka zaidi ya kumi iliyopita. Homa kali, presha, sukari, baadhi ya dawa, mishipa ya korodani kuvimba, vyote hubadilisha mbegu za mtu aliyekuwa mzima. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke.

Najiuliza pia kama tukio zima si woga. Alikuwa amekubali. Mwanaume aliyekubali kisha akashika sababu ya kwanza iliyopita mbele yake, mara nyingi anaogopa majibu. Siwezi kujua, wewe unamfahamu. Ungeweza kumwambia hivi, mkiwa wawili na simu zikiwa mbali: “Sitafuti mkosaji. Kliniki haitapandikiza bila kipimo chako, na mimi siuzi kiwanja bila kujua tunalipia nini.” Anaweza kukasirika, na huenda familia ikasema unamdhalilisha. Ukinyamaza nako kuna gharama: utatibiwa peke yako kwa tatizo ambalo pengine ni la wawili. Ninyi ndio mtakaopima lipi linabebeka. Kiwanja ni jasho lako, na kukiuza kwa hiari ni tendo la upendo mkubwa. Kukiuza ili kuthibitisha kwamba unajutia kizazi chako ni kitu kingine, na ni wewe tu unayejua ungekuwa unafanya lipi.

Nimeona kingine kwenye barua. Wewe ulishika mimba mara mbili bila msaada. Shida uliyonayo inaweza kuwa ya kushika, ya kukaa, au zote, na kila moja ina vipimo vyake: tezi ya shingo, damu kuganda kupita kiasi, umbo la mfuko, makovu ya ule usafishaji. Muulize daktari kamera iliona nini. Macho yake yalikuwa ndani kabla ya kompyuta.

Kuhusu ile picha kusambaa, niliumia kusoma. Taarifa za afya ni nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sikushauri kumshitaki mama mkwe, Mungu atuepushe. Lakini una haki ya kuiuliza kliniki picha za kinyama chako zinahifadhiwa wapi, zinatumwa nchi gani, na kama zinatumika kuifunza programu. Na una haki ya kumwomba mumeo aandike yeye mwenyewe kwenye lile kundi kwamba vipimo bado vinaendelea kwa wote wawili, picha ifutwe. Akitoka kwake ombi hilo lina uzito tofauti.

Ukirudi kliniki, au hata kwa simu, waulize kitalu cha nta kiko wapi. Kinyama kilichochukuliwa hugandishwa ndani ya nta na maabara hukitunza. Kinaweza kukatwa upya, kikapakwa rangi ya CD138 kwa ajili ya mtaalamu wa pili, na kikatazamwa kwa TB na kichocho, bila wewe kulala tena kitandani kuchukuliwa kingine. Waulize pia kinyama kilichukuliwa siku ya ngapi ya mzunguko, kikomo chao ni seli ngapi, na ni daktari gani aliyeyapitia majibu ya programu kabla ya kuyatuma. Kama hakuna aliyeyapitia, hilo nalo ni jibu.

Niandikie ukishajua rangi ya kile kioo. Na kama mumeo atakubali kusoma barua hii, mwonyeshe aya ya mbegu. Nimeiandika nikimfikiria yeye, na wala sikuwa na hasira.